Sili ya hafshafti ya nyuma kwenye Hilux: shajara ya mradi, Dodoma

Gari ni Toyota Hilux ya 4x4, dabo kabini ya miaka ya 1990, injini ya dizeli aina ya 3L, springi za majani na breki za ngoma nyuma. Inavuja gurudumu la nyuma kushoto. Hafshafti ni shafti inayozungusha gurudumu, na sili ni ringi ya mpira inayozuia oili isitoke pale shafti hiyo inapopita. Kazi inafanyika uani nyumbani, juu ya mchanga mwekundu, mwezi wa Agosti. Hilo la Agosti si dogo: upepo wa Dodoma ukianza, kila kilicho wazi kinajaa vumbi.

Alhamisi jioni: ni oili gani hii?

Rimu ya kushoto ina miali myeusi inayotoka katikati kwenda nje, na vumbi limeganda juu yake hadi limekuwa kama ugali uliokauka. Ukuta wa ndani wa tairi umelowa. Breki ya mkono inashika kulia tu.

Kwenye gurudumu la nyuma kuna vitu vitatu vinavyoweza kuvuja, na kila kimoja kina tiba yake: oili ya difu (boksi la meno lililo kwenye ekseli ya nyuma), mafuta ya breki kutoka kwenye silinda ndogo ya gurudumu, na grisi ya beringi iliyoyeyuka. Tone likiwa zito na lina ile harufu kali ya salfa, ni oili ya difu. Likiwa jepesi na rangi ya sahani ya breki (bati linaloshika brekshuu) imebabuka, ni mafuta ya breki. Kama pua haikupi jibu, dondosha tone kwenye kikombe cha maji na ukoroge. Mafuta ya breki yanachanganyika na maji, oili ya difu inabaki inaelea. Letu limeelea.

Tumeinua upande wa kushoto, tukashika tairi juu na chini na kutikisa. Kuna mchezo, yaani kulegea, mdogo sana, lakini upo. Tumezungusha tairi kwa mkono huku kiganja kingine kimegusa springi: kuna mkwaruzo unaosikika kwenye kiganja kabla ya sikio. Upande wa kulia unazunguka kimya. Ekseli ya aina hii haina habu (kitovu cha gurudumu) ya kubeba mzigo peke yake. Beringi moja iliyo mwishoni mwa hafshafti ndiyo inayobeba uzito wa gari upande huo. Ikichoka, hafshafti inayumba, na mdomo wa sili hauwezi kufuata chuma kinachoyumba. Kwa hiyo beringi tumeiingiza kwenye orodha kabla hata ya kufungua.

Baada ya beringi tumekwenda kwenye kipumulio. Ni kile kijikofia kidogo kilichosimama juu ya hausingi ya ekseli (ganda la chuma ambalo hafshafti inapita ndani yake), ambacho watu wengi hawajawahi kukigusa tangu gari liingie nchini. Kikiwa kizima, kofia inazunguka kwa kidole na kuinuka kidogo. Hiki hakikusogea kabisa. Tumekifungua kwa spana, tukakuta udongo umeingia chini ya kofia, ukachanganyika na oili, ukachomwa na joto hadi ukawa tofali. Tumepuliza kwa mdomo upande wa chini, haipiti hata pumzi. Tumechokoa kwa waya wa baiskeli na tofali limetoka vipande vipande.

Hapa ndipo kiini cha kazi yote kilipo, kwa hiyo hesabu yake tunaiandika. Difu likipata moto kutoka nyuzi 25 hadi 80 za Selsiasi, hewa iliyomo ndani inataka kutanuka kwa karibu asilimia 18. Ikikosa pa kutokea, inageuka kuwa presha. Kwa mwinuko wa Dodoma, mita 1,100 na kidogo juu ya bahari, ni karibu psi 2.4. Ukilinganisha na tairi ni kidogo, lakini mdomo wa sili umebanwa na kispringi chembamba, na presha hiyo inausukuma saa zote gari likiwa safarini. Oili inapita. Halafu mchezo unageuka: gari likiingia kwenye korongo lenye maji masika, difu linapoa ghafla, hewa inanywea, na sili ileile inavuta maji kuingia ndani. Ukifunga sili mpya huku kipumulio kimeziba, umenunua miezi michache tu.

Ijumaa: spea

Tulivyobeba kurudi nyumbani: sili ya ndani moja (ile inayokaa ndani ya hausingi na kuzuia oili), sili ya nje moja (inayokaa kwenye nyumba ya beringi na kuzuia vumbi na maji), beringi moja, oringi (ringi ya mpira) ya kati ya sahani ya breki na hausingi, seklipu mpya (klipu inayozuia beringi isihame), seti nzima ya brekshuu vipande vinne, oili ya difu 80W-90 ya daraja la GL-5 lita 3, mafuta ya breki DOT 3 nusu lita, washa mbili za nati za difu, kopo moja la grisi ya lithiamu, makopo mawili ya dawa ya kusafishia breki.

Kuhusu sili, usikubali kupewa kwa jina la gari tu. Hilux za miaka inayokaribiana zina ekseli tofauti. Nenda na ya zamani kama umeshaing'oa. Kama hujang'oa, nenda na namba ya chesisi. Sili nyingi za Toyota zina namba inayoanza na 90310 au 90311, na kwa kawaida tarakimu mbili zinazofuata ni kipenyo cha ndani kwa milimita. Usoni mwa sili za viwanda vingine huandikwa vipimo vitatu: kipenyo cha ndani, cha nje, na unene. Hivyo vitatu vikilingana na umbo la mdomo likawa lilelile, una sili yako.

Kisha iangalie kwa mkono. Kunja mdomo taratibu kwa kidole gumba: lazima urudi wenyewe mara moja. Kispringi cha mviringo nyuma ya mdomo kiwe kimekaa kwenye mfereji wake pande zote. Sili iliyoning'inizwa kwenye msumari mlangoni mwa duka, inapigwa jua na vumbi, iache hapohapo hata kama ni orijino. Mpira wake umeshaanza kukakamaa.

Brekshuu tumenunua za pande zote mbili ingawa unaovuja ni mmoja. Brekshuu iliyonywa oili hairudi. Watu huiosha kwa petroli, wengine huichoma kwa moto, na siku mbili inaonekana kavu. Ikipata joto la breki, oili iliyojificha ndani inapanda juu tena. Na ukiweka mpya upande mmoja tu, gari litavuta upande mmoja kila ukikanyaga.

Jumamosi, saa 1 asubuhi: kufungua

Tumeanza mapema kwa sababu ya upepo. Lengo ni hausingi isikae wazi baada ya saa 5.

Tairi za mbele zimezuiwa kwa matofali mbele na nyuma. Breki ya mkono imeachiwa, la sivyo ngoma haitoki. Chini ya jeki na chini ya stendi tumeweka vipande vya mbao ngumu, unene wa inchi 2 na upana wa sentimita 30 kila upande. Mchanga wa Dodoma unaonekana mgumu ukiukanyaga kwa mguu, lakini jeki inazama upande mmoja na gari linateleza kutoka juu yake. Stendi mbili zimekaa chini ya chesisi, na jeki imebaki chini ya hausingi kama akiba.

Kwenye difu, nati ya kujazia imefunguliwa kwanza. Soketi ni ya 24. Huu ni mpangilio wa lazima: ukianza kumwaga chini kisha ukakuta nati ya juu imeganda, una gari lisilo na oili na huna pa kujazia. Ya juu imekubali. Ya chini imefuata, na oili imemwagika kwenye beseni safi ili ipimwe. Imetoka lita 1.5, wakati difu hili linachukua karibu lita 2.2. Maana yake lita 0.7 zimepotea, na meno yalikuwa yanaelekea kukauka. Rangi ni nyeusi lakini si ya maziwa, kwa hiyo maji hayajaingia. Kwenye nati ya chini kumenata tope laini la chuma kama rangi ya penseli, ambalo ni la kawaida. Vingekuwa vipande vinavyometa na kuchoma kidole, mradi huu ungebadilika jina.

Nati sita za tairi, soketi ya 21. Ngoma imegoma, kama kawaida yake. Usiipige kwa nyundo pembeni, inapasuka ukingo. Usoni mwake kuna matundu mawili yenye nyuzi za bolti za milimita 8. Ingiza bolti mbili, zikaze kwa zamu, nusu mzunguko huku na nusu kule, nayo inajisukuma yenyewe. Kama bado inashikwa ndani, ni brekshuu zimeingia kwenye mfereji uliochimbika. Kirudishe nyuma kigurudumu cha kurekebishia breki kwa bisibisi kupitia tundu la sahani.

Ndani ya ngoma kumejaa uji mweusi. Vumbi la brekshuu za zamani linaweza kuwa na asbesto, kwa hiyo halipulizwi kwa mdomo wala kwa kompresa. Limelowanishwa kwa maji ya sabuni, likafutwa kwa matambara, matambara yakafungwa kwenye mfuko. Ngoma imepimwa kipenyo cha ndani: milimita 295.6. Mpya ni 295, na kikomo chake ni 297. Inarudi kazini.

Nyuma ya sahani ya breki tumefungua bomba la breki kwa spana maalumu ya 10, ile iliyokatwa mdomo na kushika pembe zote. Spana ya kawaida inakula pembe za nati hiyo na hapo unaanza mradi mwingine. Mwisho wa bomba umezibwa kwa kofia ya mpira ya nipo (kichwa cha kutolea upepo wa breki). Kebo ya breki ya mkono imetoka kwa kuondoa kotapini na pini yake. Zimebaki nati nne za 14 zinazoshika sahani kwenye hausingi.

Hafshafti haikutoka kwa kuvutwa. Tumeigeuza ngoma, uso ukitazama ndani, tukaivisha kwenye bolti za tairi, nati tukaziingiza nyuzi chache tu, zikaachwa na nafasi ya sentimita 3 hivi. Kisha ngoma ikavutwa kwa nguvu kuja nje ikagonge nati. Inafanya kazi ya nyundo ya kuteleza. Mapigo manne, hafshafti imeachia. Kuanzia hapo watu wawili: mmoja anabeba uzito wa nje, mwingine anaelekeza. Usiiache ining'inie juu ya sili hata kama sili hiyo inaenda kutupwa, kwa sababu ukipata tabia ya kuiburuza wakati wa kutoa, utaiburuza na wakati wa kurudisha.

Mara tu ilipotoka, mdomo wa hausingi umefunikwa kwa mfuko wa plastiki na kufungwa kwa ukanda wa tyubu.

Jumamosi, saa 4: kusoma ushahidi

Sili ya zamani imepimwa kina kabla ya kung'olewa, kutoka ukingo wa hausingi hadi uso wake: milimita 6. Andika namba hii, kwa sababu baada ya kung'oa huna tena pa kuisoma. Imetolewa kwa mtaimbo mdogo wenye ncha iliyopinda, na kipande cha mbao kikiwa kimelalia ukingo ili chuma kisile chuma. Ukichora mkwaruzo kwenye nyumba ya sili, oili itapita nje ya sili badala ya kupita kwenye mdomo, na utailaumu sili bure.

Mdomo umekauka. Ukiukunja unatoa sauti ya kukatika, na ukitazama kwa jua unaona nyufa za mviringo. Upande mmoja umelika zaidi kuliko mwingine. Hiyo ni alama ya beringi kulegea, hafshafti haikai tena katikati. Kwa hiyo sababu ni mbili kwa pamoja, kipumulio na beringi, na sili ilikuwa katikati yao.

Njia ya sili, yaani ile sehemu iliyong'aa ya hafshafti inayosuguana na mdomo, ina mstari wa rangi. Tumepitisha ukucha kwa urefu wa chuma: haukwami. Imesafishwa kwa msasa wa 600 wenye oili, kwa kuzungusha kufuata mviringo. Kamwe usisugue kwenda na kurudi kwa urefu, kila mchoro wa namna hiyo ni mfereji wa kupitisha oili nje. Ukucha ungekwama, kuna njia mbili za kweli: kuipachika sili milimita 1 au 2 mbali na kina cha zamani ili mdomo ukanyage chuma kipya, au kuvisha mkono mwembamba wa chuma uliotengenezwa kwa kazi hiyo. Kujaza kwa gundi si njia. Kwenye matoleo mengine mdomo wa sili unapanda juu ya ringi inayobana beringi. Hapo ringi ikibadilishwa, njia inakuwa mpya yenyewe.

Kama beringi ingekuwa nzima, sili ya ndani ingefungwa hapohapo na gari lingetembea mchana huohuo, bila presi ya mtu (mashine ya kukandamiza inayotoa na kuingiza beringi). Watu wengi hawajui hili na wanalipia kazi ya presi isiyohitajika. Lakini ya kwetu ukiizungusha kwa kidole inakwaruza kama ina punje za mtama ndani. Inakwenda presini.

Jumamosi mchana: presi

Hafshafti imepelekwa mjini ikiwa na sahani yake ya breki. Presi ya tani 20 inatosha. Hapa nyumbani tusijidanganye na nyundo na bomba: beringi inaweza kuingia, lakini itakuwa imekufa kabla ya kutembea.

Kwenye ekseli hii seklipu inatolewa kwanza kwa plaizi yake, kisha hafshafti inasukumwa itoke kwenye beringi na sahani. Matoleo mengine yana nati kubwa yenye washa ya kukunja, mengine yana ringi iliyobanwa tu ambayo hulazimika kusagwa kidogo kwa grainda na kupasuliwa kwa tindo. Anayesaga asiguse hafshafti. Alama ndogo ya grainda ndipo chuma kitakapokatikia siku gari limebeba magunia.

Simama karibu na fundi wa presi, kwa heshima, na hakikisha jambo moja. Beringi inapoingizwa kwenye nyumba yake, nguvu ipite kwenye duara la nje. Hafshafti inapoingizwa kwenye beringi, nguvu ipite kwenye duara la ndani. Ikipita kwenye duara lisilohusika, gololi zinabonyeza vishimo kwenye njia yake, na beringi mpya kutoka kwenye boksi inaanza kuunguruma ndani ya wiki. Sili ya nje imewekwa kabla hafshafti haijarudi, mdomo ukiwa na grisi. Seklipu mpya imekaa kwenye mfereji wake mzunguko mzima. Tumeizungusha kwa bisibisi kuthibitisha. Ya zamani tumeiacha hukohuko.

Jioni, upande wa kulia umefunguliwa kwa ajili ya brekshuu. Ndani ni pakavu, vumbi jepesi la kijivu, sahani haina hata unyevu. Sili ya kulia hatuigusi. Kuitoa sili kavu kwa sababu tu ya ulinganifu ni kujitafutia mkwaruzo mpya.

Jumapili, saa 1 asubuhi: kufunga

Hausingi imefutwa ndani kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, mchanga wote wa ukingoni ukiondolewa kuja nje na si kusukumwa ndani. Ukuta wa nje wa sili mpya umepakwa filamu nyembamba ya gundi ya gasketi, nyembamba kiasi cha kuona chuma. Nafasi iliyo nyuma ya mdomo imejazwa grisi. Grisi hii ina kazi mbili: inalainisha mdomo dakika za kwanza kabla oili haijafika, na inakishika kispringi kisiruke wakati wa kugonga. Kispringi kikiruka hutakiona tena, kitakuwa ndani ya ekseli, na sili itavuja siku ileile.

Mdomo wenye kispringi unatazama ndani, kwenye oili. Sili imegongwa kwa duara la nje la beringi nyingine kuukuu, lililopungukiwa milimita chache kuliko sili, likiwa na kipande cha mbao juu yake. Pigo dogo juu, chini, kushoto, kulia, ukipima. Ikiingia upande, ing'oe mapema na uirudishe. Imefika milimita 6 pande nne zote.

Sasa sehemu inayoharibu kazi nyingi kuliko zote. Meno ya mwisho wa hafshafti yamekatwa makali, na ili yafike kwenye difu yanapita katikati ya mdomo wa sili mpya. Tumeyazungushia karatasi nyembamba ya plastiki iliyopakwa grisi, inayovutwa nje kabla meno hayajazama. Mmoja ameshika mwisho wenye sahani, mwingine ameingiza mkono na kubeba hafshafti karibu na mdomo wa hausingi, ikaingia ikielea katikati bila kugusa chini. Mwishoni imezungushwa kidogo hadi meno yalipokutana na ya difu. Oringi mpya ilikuwa imeshawekwa. Uzembe wa sekunde mbili hapa ndio unaofanya watu waseme sili za siku hizi ni mbovu.

Nati nne za sahani zimekazwa kwa spana ya torki (inayopima nguvu ya kukaza) hadi Nm 69, kwa msalaba. Bomba la breki Nm 15. Kwanza lianzishwe kwa vidole nyuzi tatu, kwa sababu likiingia upande halina msamaha. Kebo ya mkono, pini, kotapini mpya. Brekshuu mpya pande zote, na grisi kidogo sana kwenye vituo sita ambapo brekshuu inasugua sahani, si zaidi. Uso wa ngoma umeoshwa kwa dawa ya breki hadi kitambaa cheupe kikatoka cheupe. Nafasi kati ya brekshuu na ngoma imewekwa milimita 0.6 kwa kipenyo.

Nati ya chini ya difu imerudi na washa mpya kwa Nm 49. Oili imejazwa kwa bomba la sindano kubwa, gari likiwa limelala sawa, hadi ilipoanza kuchuruzika kwenye tundu la juu. Imeingia lita 2.2 na tone. Iwe usawa wa tundu au hadi milimita 5 chini yake. Ukijaza huku upande mmoja umeinuliwa, unapata kipimo cha uongo, na oili iliyozidi itakwenda moja kwa moja kwenye sili yako mpya.

Upepo wa breki umetolewa magurudumu yote mawili ya nyuma, na pia kwenye vali ya kupima mzigo iliyo juu ya ekseli, ambayo ina nipo yake na husahauliwa. Pedali ikibaki laini baada ya kutoa upepo nyuma, ukague hapo kabla ya kulaumu pampu.

Jumapili mchana: kipumulio

Kile kijikofia hakirudi. Mahali pake tumefunga kiungo cha bomba chenye nyuzi zilezile, mpira wa mafuta wa milimita 8 usiobanwa popote, ukapanda kwa mkunjo mlegevu kufuata chesisi hadi nyuma ya kifuniko cha tangi, mwisho wake ukageuzwa chini na kuvishwa kichujio kidogo cha petroli. Mkunjo uwe mlegevu kwa sababu ekseli inapanda na kushuka. Mpira uliokazwa utachomoka kwenye tuta la kwanza. Tumepuliza kwenye kichujio huku nati ya kujazia ikiwa wazi: hewa inasikika ndani ya difu.

Baada ya kwenda Bahi na kurudi, zaidi ya kilomita 100

Habu ya kushoto na ya kulia zimeguswa kwa kiganja: joto linalingana, kiganja kinavumilia. Nati za tairi zimekazwa upya kwa Nm 110. Mbili zilikubali kusogea kidogo. Breki inavuta sawa. Breki ya mkono inashika gari tupu kwenye mteremko bila gia.

Baada ya kilomita 500

Ngoma ya kushoto imefunguliwa. Kavu. Chini ya sahani kuna ukungu wa grisi usiozidi ukucha, uliotoka kwenye mdomo wa sili ya nje siku za kwanza. Umefutwa na alama imewekwa kwa chaki. Usawa wa oili haujashuka. Nati nne za sahani hazijasogea. Kichujio cha kipumulio kimeshapata rangi nyekundu kwa nje, ndani bado cheupe.

Ukaguzi unaofuata ni baada ya mvua za kwanza, gari likishavuka makorongo: nati ya kujazia ifunguliwe, kidole kiingie, na rangi ya oili itazamwe.